Vichwa Kumi na Kimoja vya Saga

Ukitaka kukosana na Rahab, usimtukane wala usimruke kwenye foleni ya maji. Chuma tu sukuma wiki yake vibaya. Vuta jani kwa pupa litoke na ngozi ya shina, halafu ujifanye hukuona. Utaambiwa mambo ya ukoo wenu ambayo hata mama yako hayajui.

Nyuma ya nyumba ya mwanawe Kibe, mtaa ule wa karibu na msikiti hapa Kitale, kuna mstari mmoja wa sukuma ambao sasa unachumwa mwaka wa tatu. Mashina yamefika begani, ameyafunga kwa vijiti yasianguke, na huko juu bado kuna majani mapana. Majirani ambao sukuma yao hukauka baada ya miezi minne huja kumwuliza anaweka dawa gani. Haweki dawa. Asubuhi umande ukishakauka, anashika jani la chini kabisa pale linaposhikana na shina, analivuta chini mara moja, na linatoka safi. La pili hivyo hivyo. Akifikia majani matano ya juu, anaacha. Na moyo, yale majani machanga yaliyokunjana katikati, haugusi hata kwa bahati mbaya.

Hiyo sheria hakuipata shuleni. Alikuwa na miaka tisa, wametoka Nyeri juzi tu, na baba yake Kinyua alikuwa amepata kipande cha shamba Saboti. Mwaka wa kwanza walipanda kabeji changa karibu na mto, na ndizo zilizokuwa tegemeo lao la kiangazi. Jioni moja mama yake hakuwepo, na Rahab akaambiwa atafute mboga. Akaona yale majani laini ya katikati, akayang'oa yote, mche baada ya mche, maana yalikuwa mororo na yaliiva haraka. Walikula vizuri sana siku hiyo. Baada ya hapo kabeji zile hazikufunga hata moja. Zilibaki na masikio makubwa pembeni na shimo katikati, na Januari yote familia ilikula ugali kwa chumvi. Baba yake hakumchapa. Alimpeleka tu shambani kila Jumamosi wakatazama, wakarudi nyumbani. Rahab ana miaka sitini na miwili leo na bado akiisimulia sauti inabadilika.

Kwa hiyo mtu asimlaumu sana kwa yaliyotokea baadaye. Amlaumu kidogo.

Upande wa pili wa ua wa kayaba, ile miti ya miiba, anaishi Zuena, mke wa Mohamud muuza viatu na mama wa Naim. Hawa wawili ni marafiki kweli, si wale wa kuchekeana mdomoni. Walikata kayaba kidogo wakatengeneza kimlango, na sahani za chakula hupita hapo zaidi kuliko watu. Zuena ni mtu wa Bungoma, mzaliwa wa Myanga, na mama yake, Bi Nafisa, bado anaishi huko. Huyu Bi Nafisa alikuwa na saga yake. Kama hujawahi kuila, saga ni ile mboga chungu ya majani kama vidole vitano, ambayo watu wa Bungoma hupika kwa maziwa na kuilaza kwenye chungu. Saga ya sokoni huwa na shina la kijani. Ya Bi Nafisa ilikuwa na shina la zambarau, na alikuwa ameitunza mbegu yake tangu alipoolewa, kila mwaka akiacha mimea miwili mitatu ikauke kwa ajili ya msimu unaofuata.

Mwezi wa nne mwaka huu Zuena alirudi kutoka Myanga na mbegu hizo zimefungwa kwenye pembe ya leso. Zilikuwa za zamani, na akaogopa zisingeota, kwa hiyo akazipanda zote. Ikaota miche kumi na mmoja. Wiki tano baadaye simu ikapigwa kwamba mama ameanguka bafuni, ameumia nyonga na amelazwa Bungoma. Zuena akafunga mkoba siku hiyo hiyo.

Alipita kwa kile kimlango kuaga. Alimwomba Rahab aiangalie saga, aichume isikae bure, maana isipochumwa hukimbilia maua. Aliomba jambo moja tu, kwamba usife hata mche mmoja, kwa sababu hiyo ndiyo mbegu. Rahab akamwambia aende kwa mama yake, majani amwachie yeye. Nani Kitale nzima angemfundisha Rahab kuchuma majani?

Basi akaichuma kwa njia anayoijua. Majani ya chini kwanza, kwa heshima, akaacha yale ya juu na moyo wake. Wiki ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Wiki ya pili saga ikaanza kuwa nyembamba. Ilikwenda juu tu, uchi miguuni, na majani mapya yalitoka madogo kuliko ya jana. Halafu juu kabisa vikaonekana vitumba vya maua. Rahab akasema ni mvua imepungua, akaongeza maji. Vitumba vikaongezeka.

Mkaza mwanawe, Sellah, aliyaona hayo yote akiwa mlango wa jikoni. Sellah ni msichana wa Kamukuywa, huko huko Bungoma, ameolewa na Kibe miaka minne sasa, wana mtoto mmoja, Viola. Ni mtu wa maneno machache, na katika nyumba ile hayo machache pia hayakuwa na nafasi. Siku moja akasogea, akasema, 'Mama, hii saga nyumbani sisi huwa tuna…' Rahab akamkata hapo hapo. Akamwambia nyumbani kwao ni nyumbani kwao, na hii si yao, ni ya watu. Sellah akarudi kwa sufuria zake.

Jumapili iliyofuata Rahab alikwenda kanisani, na baada ya ibada kina mama wakakaa kupanga harusi ya fulani mpaka saa kumi. Alirudi na njaa. Akasikia harufu nzuri ya maziwa na mboga kutoka jikoni, akafurahi, kisha akapita nyuma kuangalia shamba lake dogo kabla ya kuvua viatu. Alipofika kwenye kile kimlango akasimama.

Saga yote haikuwa na vichwa. Miche kumi na mmoja, yote imekatwa kipande cha juu, cha urefu wa kiganja. Pale penye moyo palikuwa na kidonda cha mviringo, bado kibichi. Mwenzangu, Rahab aliona Januari ya Saboti mbele ya macho yake. Akashika kayaba na miiba ikamchoma na hakusikia.

Alirudi jikoni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Sellah zaidi.

'Ni wewe umekata?'

'Ni mimi, Mama. Ilikuwa inaenda maua.'

'Umeua mboga ya mgonjwa. Mama ya Zuena amelala hospitali na wewe umekata moyo wa mbegu yake ukapika na maziwa.'

Sellah aliweka mwiko chini. Alisema polepole kwamba hajaiua, kwamba saga hukatwa hivyo, na kwamba Mama angoje siku kumi tu. Rahab akasema hahitaji kungoja siku kumi kujua kitu kilichokufa. Akaongeza jingine, ambalo ningependa nisiliandike, lakini alilisema: kwamba kuna watu mkono wao ni wa kuharibu tu. Sellah akachukua mtoto akaenda chumbani. Jioni ile Kibe, ambaye huingia nyumbani akitafuta sahani kabla ya kutafuta watu, alikula saga sahani mbili akisifu, na hakuelewa kwa nini mama yake anatafuna ugali na chai.

Jumatatu Zuena alipiga simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi, na kwanza Rahab akashukuru Mungu. Bi Nafisa alikuwa ametoka hospitali, yuko nyumbani Myanga, nyonga imeanza kushikana, lakini chakula anakikataa. Uji anarudisha, nyama anaangalia tu. Kitu kimoja anataka, saga yake. Na saga yake haiko tena, kwa sababu kaka yake Zuena, katika zile wiki mama akiwa wodini, alikodi trekta akalima kipande chote apande miwa. Hakuwa na nia mbaya, hakujua tu. Walijaribu kumpikia saga ya sokoni. Akaionja, akaisukuma, akasema hii si yangu.

'Sasa ni hiyo iliyo kwako tu, Mama Kibe,' Zuena alisema. 'Nakuja Alhamisi ya wiki ijayo nimchumie. Iko aje?'

Rahab aliangalia ukuta.

'Iko sawa,' akasema.

Huo uongo alitembea nao wiki nzima. Rahab si mwongo. Ni mkali, ni mbishi, ana mdomo, lakini uongo hajauzoea, na ulimfanya asahau mambo madogo. Alitia chumvi kwenye chai ya Kibe. Alimwita Viola kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki. Na Sellah hakuongea kabisa ila yale ya lazima, kama vile mlango umefungwa na maji yamekwisha, na Sellah alijibu vivyo hivyo. Hakwenda upande wa saga pia. Ni nani hupenda kwenda kuangalia kitu kilichofia mikononi mwake?

Ijumaa akaamka na mpango. Alikwenda sokoni kwa Chepngeno, anayeuza mboga za kienyeji, akamwuliza kama ana saga yenye mizizi, iliyong'olewa na si kukatwa, na yenye shina la zambarau. Chepngeno akamwambia mizizi ipo, zambarau haipo. Akauliza anataka kupanda? Rahab akasema anataka dawa ya tumbo. Hapo sasa alikuwa na uongo wa pili. Alinunua fungu moja, akalifunika na leso chini ya kikapu, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma wakati msikitini wanaswali na mtaa umetulia.

Alichokuwa amekusudia ni hiki: ang'oe ile iliyokufa, apande hii, amwagilie, na Alhamisi amwambie Zuena kwamba shina la zambarau limefifia kwa sababu ya baridi ya Kitale. Alijua hata mtoto hangekubali. Lakini mtu akishikwa na hofu hushika chochote.

Akachuchumaa kando ya mche wa kwanza na jembe dogo mkononi. Akaushika shina kuung'oa. Ukamkatalia. Ulikuwa umeshika ardhi kwa nguvu, si kama kitu kilichokufa. Akavaa miwani, iliyokuwa inaning'inia shingoni, akainama karibu.

Kwenye kila kikwapa, pale jani lilipokuwa au lilipo kwenye shina, palikuwa na kinundu cha kijani. Vingine vilikuwa vimefunguka tayari, vidole vitano vidogo vimekunjana kama vya mtoto mchanga. Akahesabu mche wa kwanza: vinne. Wa pili: vitano. Akatambaa kwa magoti mpaka mwisho wa mstari, nguo ya kwenda sokoni ikijaa udongo, na hakukuta mche hata mmoja ambao haukuwa na kitu. Ule uliokuwa mwembamba kuliko wote, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuvua majani hadi karibu na juu, ulikuwa na vitatu.

Rahab alikaa chini kwenye udongo. Alicheka peke yake, halafu machozi yakamtoka, halafu akacheka tena kwa sababu ya machozi. Lile fungu la Chepngeno akalipeleka jikoni akaliweka mezani, na Sellah alipolitazama na mizizi yake, akamtazama yeye na magoti yake, Rahab akasema ni ya jioni. Sellah akaanza kuichambua. Nadhani alijua kila kitu. Lakini mzee wa watu hakuweza kulitoa neno la kuomba msamaha siku hiyo.

Tangu hapo alikuwa akienda kwa saga asubuhi na jioni. Mvua ikarudi Jumapili. Kufikia Jumatano matawi yalikuwa yamejaa, kila mche umepanuka umekuwa kichaka, majani makubwa kuliko yale ya mwanzo, na vitumba vya maua hakuna. Penye tawi moja jembamba sasa palikuwa na matano manene kwenye shina moja. Na bado hakutulia, kwa maana Alhamisi ilikuwa inakuja na ule uongo wa Jumatatu ulikuwa haujatolewa.

Zuena alifika saa nne, vumbi la safari usoni. Hata kabla hajakaa, Rahab akamzuia kwenye kimlango.

'Mama Naim, kabla hujaangalia. Nilikudanganya kwa simu. Ile siku ulipiga, saga ilikuwa imekatwa moyo yote, na mimi nilijua imekufa. Nikakwambia iko sawa.'

Zuena alimsukuma taratibu akapita. Aliinama, akafunua majani kwa mikono miwili, akaona shina la zambarau, akaona vile vidonda vya zamani vilivyokauka juu na matawi yaliyotoka chini yake. Akaweka mkono kifuani.

'Alhamdulillahi,' alisema. 'Nani amekata hivi?'

Hapa sasa ndipo nilipompenda Rahab. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Zuena aliendelea kusema kwamba amekuwa akiteseka njia nzima, maana siku ile ya kuondoka alisahau kumwambia kwamba saga si sukuma, kwamba hiyo hukatwa kichwa ndipo itoe matawi, na ukiacha kichwa inakwenda maua na kuisha. Alikumbuka akiwa amefika Kamukuywa. Alitoa simu ampigie, akairudisha mkobani, kwa kuwa, na hapa alicheka kwa aibu, nani angeweza kumwambia Mama Kibe kitu kuhusu majani?

Rahab alisikia hilo mpaka mwisho. Ndiyo kusema walikuwa wawili waliojua, mmoja rafiki yake na mmoja chini ya paa lake, na wote wawili walimwogopa.

Akageuka akaita, 'Mama Viola, hebu kuja.'

Sellah akaja akipangusa mikono. Rahab akamwambia Zuena kwamba ni huyu ndiye aliyekata, kwamba yeye Rahab alikuwa anaimaliza, na siku ile alimwambia Sellah neno baya ambalo hakustahili. Kisha akamgeukia Sellah. 'Nilikukosea,' akasema. 'Nionyeshe mahali pa kukata.'

Sellah hakujua aangalie wapi. Akachuchumaa, akachukua kidole gumba cha mama mkwe wake, akakipandisha kwenye tawi, akakipitisha jani la kwanza, la pili, la tatu, akakisimamisha juu ya jani hilo. 'Hapa. Chini yake acha mawili matatu, ndiyo yatatoa mengine.' Kidole kile cha Rahab hakikuwa kimegusa moyo wa mboga miaka hamsini na mitatu. Akafumba macho kidogo, akabana, na tawi likakatika kwa sauti ndogo safi. Akafungua macho akaliangalia mkononi. Akakata la pili bila kuambiwa.

Wakachuma watatu pamoja mpaka mfuko ukajaa. Miche mitatu hawakuigusa tena, wakaifunga uzi mwekundu, hiyo ya mbegu, itoe maua yake kwa matawi yote. Zuena alikunywa chai amesimama na kuondoka.

Jioni, Sellah akisonga ugali, simu ya Rahab ikalia. Ilikuwa Zuena, na nyuma yake kelele za nyumba yenye watu. Alisema mama amekula. Si kuonja, amekula, amefuta sahani, na sasa anataka kuongea. Ikaja sauti ya mzee, nyembamba lakini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Bi Nafisa alisalimu, akashukuru, akasema majani yalikuwa machanga na hayakuwa na uchungu wa maua, kwa hiyo kuna mtu huko Kitale anayejua kazi. Akauliza ni nani.

Kibe alikuwa anaangalia sufuria. Sellah alikuwa amepunguza kusonga ili asikie.

'Ni msichana wangu,' Rahab alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. 'Anaitwa Sellah. Yuko hapa, mwambie mwenyewe.'

Akaingia jikoni akampa simu. Sellah akaipokea kwa mikono miwili, akasalimu kwa Kiswahili, kisha huko Myanga kukasemwa kitu naye akajibu kwa lugha ya kwao, akaegemea ukuta, na maneno yakaanza kumtoka kwa wingi ambao Rahab hakuwahi kuusikia miaka yote minne. Alikuwa anacheka. Rahab hakuelewa hata neno moja. Akachukua mwiko, akaendelea kusonga ugali usiungue.